Chupa mbili za mafuta ya karafuu

Mtoto wa dada yangu alikuja kwangu asubuhi moja, shavu la kulia limemwiva kama lililoguswa na pasi. Alikuwa amesikia kwamba mafuta ya karafuu hukausha chunusi. Nyumbani kwao ipo chupa ya mililita 100 ya mafuta ya karafuu ya kupaka nywele. Akajipaka hayo wiki nzima, asione badiliko. Akaenda duka jingine, akauziwa kichupa cha mililita 10 kilichoandikwa "Mafuta Muhimu ya Karafuu". Akachovya pamba, akajipaka shavuni, akapanda kitandani. Usingizi haukuja.

"Mjomba," aliniuliza, "si karafuu ile ile? Na hii ndiyo iliyoandikwa muhimu!"

Hiyo "muhimu" ndiyo iliyonifanya niandike haya. Neno limetafsiriwa vibaya, likamwambia kwamba kichupani mna kitu ambacho mwili wake unakihitaji. Na si neno hilo peke yake. Biashara ya mafuta ya kunukia imejaa maneno ambayo mnunuzi huyapita kama mapambo ya karatasi, kumbe kila moja linaeleza kilichomo ndani: kimetoka sehemu gani ya mmea, kimetolewa vipi, kina ukali gani. Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba watu wa mwambao wana maneno yao kwa karibu nusu ya mambo haya, na kazi yenyewe wanaijua tangu kwa bibi zao.

Tuanze na hilo "muhimu". Wataalamu wa zamani wa Ulaya waliamini kwamba kila mmea una kiini, roho yake, na kwamba moto na mvuke vinaweza kukitoa. Wakakiita kwa Kilatini *quinta essentia*, kiini cha tano, baada ya ardhi, maji, hewa na moto. Mafuta yaliyobeba harufu ya mmea yakaitwa mafuta ya kiini. Lugha za Ulaya zikaendelea na jina hilo hata imani yenyewe ilipokufa, na baadaye neno hilohilo likapata maana nyingine, ya kitu cha lazima. Mtafsiri wetu akaokota maana ya pili akaiacha ya kwanza. Kinachozidisha mkorogo ni kwamba katika lishe zipo kweli asidi za mafuta zinazoitwa muhimu, kama omega-3, na huko neno limekaa mahali pake, kwa sababu mwili hauwezi kuzitengeneza na lazima uzipate kwenye chakula. Msomaji akikutana na "muhimu" hizi mbili, atazitenganisha vipi? Mtu mmoja anakunywa kijiko cha mafuta ya samaki, mwingine anakunywa kijiko cha mafuta ya mkaratusi akidhani ni jamaa moja. Huyo wa pili anaweza kuishia hospitali, na akiwa mtoto mdogo anaweza kupata degedege.

Mimi nasema mafuta ya kunukia. Kiswahili kimetupa hapa kitu ambacho lugha nyingi hazina: kunuka ni kutoa harufu mbaya, kunukia ni kutoa harufu nzuri, na irabu moja tu katikati imetenganisha jaa na bustani.

Hata neno "mafuta" lenyewe tunalitwisha mzigo mkubwa. Mafuta ya kula ni mafuta, petroli ni mafuta, losheni ni mafuta, na yaliyomo kwenye kile kichupa nayo ni mafuta. Lakini nazi, ufuta, mbarika na mwarobaini hutoa mafuta mazito ya kukamuliwa, ambayo hayapandi hewani. Ukiyamwaga mezani leo, kesho utayakuta. Mafuta ya kunukia ni mkusanyiko wa kemikali nyepesi zinazoruka na hewa, ndiyo maana pua huzipata kutoka mbali. Nilimfanyia mpwa wangu jaribio mbele ya macho yake. Nilidondosha tone moja la kila chupa kwenye karatasi nyeupe, nikaiacha juu ya kabati hadi siku ya pili. Tone la chupa kubwa lilikuwa limeifanya karatasi ing'ae kama ya maandazi. Tone la kichupa lilikuwa limetoweka, limeacha kizingo hafifu cha njano na harufu. Chupa kubwa ilikuwa na mafuta ya nazi yaliyolowekwa karafuu. Ni kitu kizuri, kina faida yake kichwani, lakini karafuu iliyomo humo ni ya kutafuta kwa tochi. (Jaribio la karatasi halitoshi kwa kila kitu. Sandali na mafuta mengine mazito ya kunukia huacha doa hata yakiwa halisi, na tapeli anayechanganya na spiriti atalipita bila shida.)

Kutoa mafuta ya kunukia kwa mvuke, Kiswahili kina neno lake kamili: kukeneka. Unaweka majani au maua ndani ya tangi, unapitisha mvuke wa maji, mvuke unanyakua harufu, unapita kwenye bomba lililopozwa, unarudi kuwa kimiminika na kudondoka chomboni. Aliyewahi kuona gongo ikipikwa ameshaona mtambo huu. Ajabu yake ni kwamba eujenoli, kemikali inayoipa karafuu ukali wake, ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi joto zaidi ya 250 za Selsiasi. Kwenye mtambo inatoka chini kidogo ya 100. Ni kwa sababu maji na mafuta havichanganyikani, kila kimoja hutoa mvuke wake bila kumjali mwenzake, na nguvu za mvuke hizo mbili zikijumlishwa hufikia kiwango cha kuchemka mapema. Maji yanambeba mzito kwa mgongo.

Pemba wanajua hili kwa pua. Pale Wawi, Chake Chake, kipo kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar ambacho watu wanakiita kwa jina la kinachoingia mlangoni: kiwanda cha makonyo. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Karafuu yenyewe inauzwa kavu, makonyo yanakwenda kwenye mvuke. Na hapa kuna jambo ambalo lebo nyingi hulificha. Mkarafuu mmoja hutoa mafuta ya aina tatu: ya kitumba, yaani karafuu yenyewe, ya konyo na ya jani. Vitumba vikavu hutoa mafuta mengi sana, kilo 15 hadi 20 kwa kila kilo 100, kiasi ambacho mimea michache inakifikia. Makonyo hutoa kama kilo 5 hadi 7, na majani kilo 2 au 3. Mafuta ya kitumba yana kemikali ya ziada, asetati ya eujenoli, inayoyapa utamu ule wa karafuu inayoanikwa juani. Ya konyo na ya jani ni makavu zaidi puani, eujenoli yake kwa kawaida hupita asilimia 80, na bei yake iko chini. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, limeyapa viwango vitatu tofauti: 3141 kwa jani, 3142 kwa kitumba, 3143 kwa konyo. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa "mafuta ya karafuu" bila kutaja sehemu haijakwambia kitu. Mara nyingi itakuwa na ya jani, na utakuwa umelipa bei ya kitumba.

Upekee mwingine wa karafuu ninaupenda sana. Chini ya bomba la mtambo huwekwa chombo cha kutenganisha maji na mafuta. Kwa mimea mingi mafuta huelea juu, yanachotwa. Ya karafuu huzama, maana ni mazito kuliko maji.

ISO hiyohiyo ina kiwango kingine, namba 9235, ambacho kazi yake ni msamiati tu. Kinasema mafuta ya kunukia ni yale yaliyotolewa kwenye mmea kwa njia tatu: kukenekwa, kwa maji au kwa mvuke, kukamuliwa kwa mashine kutoka maganda ya jamii ya michungwa, au kukenekwa kukavu, mmea ukipashwa moto bila maji, njia inayotumika kwa magome na mbao chache. Kilichotolewa kwa namna nyingine kinanukia, naam, lakini kina jina lake.

Maganda ya ndimu yanastahili tusimame kidogo. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa yana vitu vinavyoitwa furanokumarini. Vikiwa kwenye ngozi na jua likavipiga, ngozi huungua na kubaki na madoa meusi kwa miezi. Mafuta ya ndimu yaliyokenekwa hayana tatizo hilo, kwa sababu vitu hivyo ni vizito na mvuke hauvibebi. Ndimu ni ile ile, shamba ni lile lile, na neno moja kwenye lebo, kukamuliwa au kukenekwa, linaamua kama utatoka mchana ukiwa umejipaka. Kwa nchi yenye jua kama letu, ningetaka neno hilo liandikwe kwa wino mwekundu.

Asmini je? Asmini haliwezi mvuke, joto linaliua. Basi maua hulowekwa kwenye kiyeyushi, kwa kawaida heksani. Kiyeyushi kikishavukizwa hubaki kitu kigumu kama nta kinachoitwa konkriti, nacho kikioshwa kwa alkoholi na kuchujwa hubaki absoluti. Ukiona "absoluti ya asmini", maana yake si kwamba ni safi kupita nyingine, ingawa jina linasikika hivyo. Maana yake ni njia iliyotumika. Kabla ya heksani, Wafaransa wa mji wa Grasse walikuwa wakipanga maua mabichi juu ya shahamu baridi, wakiyabadilisha kila siku hadi shahamu inywe harufu. Bibi yangu alifanya jambo la karibu na hilo kwa bakuli la mafuta ya nazi na maua ya asmini na kilua, akibadilisha maua kila jioni. Hakuna aliyemwita mtaalamu.

Langilangi lina msamiati wake peke yake. Visiwa vya Komoro ni kati ya wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Mti hukatwa kilele usirefuke, ili mchumaji aufikie kwa mkono, na maua huchumwa alfajiri. Kukeneka huchukua saa nyingi, hata zaidi ya 15, na mafuta hayakusanywi kwenye chombo kimoja. Yanayotoka mwanzo, matamu na mepesi, huitwa ekstra. Kisha hufuata daraja la kwanza, la pili, la tatu, kila moja likichelewa kuruka kuliko lililotangulia. Ekstra huenda kwa watengeneza manukato, la tatu huenda zaidi kwenye sabuni. Kwa hiyo "daraja la tatu" hapo si kasoro wala si mafuta yaliyoharibika. Ni saa za mwisho za mtambo uleule.

Ukitaka kuelewa kile watengeneza manukato wanachokiita noti za juu, za kati na za chini, achana na piano na ufikirie kikuba cha bibi harusi wa Lamu au Unguja: rihani, asmini, langilangi, mkadi. Ukikisogeza puani kwanza unapata ubichi wa rihani. Nusu saa baadaye maua ndiyo yanayozungumza. Usiku wa manane, nguo ikishavuliwa, kinachobaki kwenye shingo ya gauni ni ule uzito wa chini, na kama nguo ilifukizwa, ni udi. Ni suala la kasi ya kuruka: chembe nyepesi za malimao huondoka ndani ya dakika, za sandali na udi hukaa siku. Ningependa tuseme harufu ya kutangulia, ya katikati na ya kukaa.

Halafu kuna neno haidrosoli, linalouzwa siku hizi kama ugunduzi. Ni yale maji yanayobaki baada ya mafuta kutenganishwa, yakiwa na harufu kidogo ndani yake. Sisi tunaita marashi, na tunayo kwenye mrashi, tunarushia wageni wa maulidi na harusi. Jamaa zetu wa Oman wanayapika Jebel Akhdar kila msimu wa mawaridi, mwezi wa Aprili, kwenye majiko ya udongo yanayoyaacha na moshi kidogo ndani yake. Kilo moja ya mafuta ya waridi hula petali tani 3 hadi 5, kwa hiyo kwa waridi maji hayo si mabaki. Kwa watu wengi ndiyo zao lenyewe. Haidrosoli ni laini kwa ngozi kuliko mafuta, lakini huota ukungu isipotunzwa vizuri. Na maji yaliyotiwa matone ya mafuta na kutikiswa hayawi haidrosoli, hata chupa iseme nini.

Majina ya Kilatini nayo si urembo. Chukua sandali. Msandali wa India ni *Santalum album*. Mti tunaouita msandali Afrika Mashariki ni *Osyris lanceolata*, mti mwingine kabisa wenye harufu ya kukaribiana, na umekatwa na kung'olewa kwa magendo hadi mwaka 2013 ukawekwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ya mimea ambayo biashara yake inadhibitiwa. Mkaratusi hali kadhalika: *Eucalyptus globulus* una sineoli, ile inayofungua pua, ilhali mkaratusi wa harufu ya limau una sitronelali kwa wingi na unafaa zaidi kufukuza mbu. Chupa iliyoandikwa "mkaratusi" tu imekuacha njia panda.

Na wakati mwingine hata jina la Kilatini halitoshi, ndipo linapokuja neno kemotaipu: mimea ya jina moja, sura moja, kemikali tofauti. Mfano wetu ni *Ocimum gratissimum*, jamii ya kivumbasi. Upo unaojaa timoli, na upo unaojaa eujenoli, ile ile ya karafuu. Ndugu yake wa milimani, *Ocimum kilimandscharicum*, ana kafuri nyingi. Wanakijiji wanaouzunguka msitu wa Kakamega wameulima na kuutengenezea dawa ya kuchua.

Ubani nao una fumbo lake. Utomvu wa ubani una asidi za boswelia, ambazo zimechunguzwa kwa uwezo wa kupunguza uvimbe wa viungo. Matangazo huzinadi asidi hizo kwenye mafuta ya ubani. Lakini ni chembe nzito, mvuke hauzibebi. Zinabaki ndani ya tangi pamoja na makapi. Anayezitaka aufuate utomvu wenyewe. Tunapochoma ubani kwenye chetezo tunapata kitu cha tatu, moshi, ambao una vitu vilivyozaliwa na moto wenyewe. Kiswahili kinatumia kufukiza kwa yote mawili, moshi wa chetezo na mvuke wa nyungu. Mwaka 2020, wakati wa korona, Watanzania wengi walipojifunika mablanketi juu ya vyungu vya mikaratusi na michaichai, walikuwa wakivuta mvuke ule ule unaopita kwenye bomba la Wawi, ila wao waliuweka mapafuni badala ya kuupoza. Pua iliyoziba hupata nafuu. Virusi ni habari nyingine.

Hilo linanileta kwenye aromatherapia yenyewe, yaani tiba kwa mafuta ya kunukia. Neno hili lilienezwa na mkemia Mfaransa, René-Maurice Gattefossé, aliyelitumia kama jina la kitabu chake cha mwaka 1937. Husimuliwa kwamba mkono wake uliungua maabara mwaka 1910, akautumbukiza kwenye pipa la mafuta ya lavenda, ukapona palepale. Alivyoandika mwenyewe ni tofauti: vidonda vilioza kwa gangrini, naye akaviosha kwa lavenda, oza ikakoma. Yaani alikuwa akiua vijidudu kwenye kidonda. Hakuwa akinusa. Hivyo tangu siku ya kwanza jina limebeba mambo mawili: nguvu ya kemikali inayogusa mwili, na nguvu ya harufu inayogusa moyo. Ya pili ni ya kweli. Harufu hutuliza, huamsha, hurudisha kumbukumbu. Lakini anayekuuzia ya pili kwa kukuahidi ya kwanza amekudanganya. Daktari wa meno anayechanganya eujenoli na oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda hafanyi aromatherapia, ingawa chumba kizima kinanukia karafuu.

Kwenye kichupa cha mpwa wangu palikuwa na maneno "safi asilimia 100, kiwango cha tiba". Hakuna chombo huru kinachotoa cheti cha "kiwango cha tiba". Ni maneno ya muuzaji. Usafi nao ndio uliomuunguza. Mafuta safi ya karafuu yana eujenoli ambayo wataalamu wa usalama hushauri isipakwe kwenye ngozi zaidi ya nusu asilimia ya mchanganyiko wote, na yeye alipaka asilimia mia. Badala ya maneno hayo ningependa nione namba ya toleo na matokeo ya kromatografia ya gesi, mashine inayoyatenganisha mafuta kemikali moja moja na kuonyesha kiasi cha kila moja.

Tulikaa barazani tukafanya hesabu. Mililita moja ni matone kama 20, kutegemea mdomo wa chupa. Mililita 30 za mafuta ya nazi ni matone 600. Nusu asilimia yake ni matone matatu.

"Matatu tu, mjomba?"

Matatu. Shavu lilichukua wiki mbili na nusu kurudi rangi yake, na doa dogo bado lipo karibu na sikio. Kichupa amekihifadhi kabatini kwa kunukiza nguo, tone moja kwenye pamba moja, na kwa kalamu yake ameandika pembeni neno ambalo muuzaji hakuliandika: *jani*.